Mani planti inataka pa kushika

Salma: Shikamoo shangazi, hamjambo nyote. Mani planti yangu ya sebuleni imetambaa hadi chini ya kochi, majani yanazidi kuwa madogo. Mbolea nimetia, wapi.

Shangazi: Marahaba mwanangu. Shida si mbolea. Huo ni mmea wa kuparamia, kwao unapanda miti mikubwa. Ukiachwa utambae au uning'inie, majani hudogoka. Upe pa kupanda.

Kaka Idi: Kweli. Ule wa kwenye mnazi wa Bibi una majani kama sinia.

Salma: Kumbe ni mmea uleule?!

Shangazi: Uleule. Tazama kwenye vifundo, pale jani linapotokea, utaona vijizizi vya kahawia. Hivyo ndivyo vya kushikia.

Kaka Idi: Chukua ufito wa mkoko, uzungushie kamba ya usumba, ile ya nyuzi za makumbi ya nazi, kuanzia chini hadi juu, usiache nafasi. Hata bomba la maji linafaa ukilivika kamba. Likiwa tupu linateleza.

Shangazi: Idi, na chumvi je? Makumbi hufukiwa ufukweni miezi mingi kabla ya kusokotwa, kwa hiyo kamba huja na chumvi. Iloweke siku mbili tatu, maji uyabadilishe. Ncha za majani zikiungua watu wanalaumu jua bure.

Mama Imu: Nifungie waya? Na mimi ninao mmea huu.

Shangazi: Waya hapana jamani, unakata shina! Chana khanga kuukuu, funga kwa kulegeza, vijizizi vielekee kwenye kamba. Kamba uinyunyizie maji kila asubuhi, pakavu havishiki. Vikishashika, fungua kitambaa.

Kaka Idi: Salma usichomeke ufito kwenye chungu cha sasa, utachana mizizi. Hamishia kikubwa, ufito utangulie hadi chini, udongo ufuate. Chungu kiwe kizito, cha plastiki kitapinduka.

Salma: Na lile shina la chini ya kochi?

Shangazi: Likate vipande, kila kimoja na kifundo chake, tia kwenye maji. Vikitoa mizizi, uvipande kuuzunguka ufito. Majani ya zamani hayatapanuka, usikate tamaa. Makubwa yatakuja mapya, huko juu.

Mama Imu: Mtoto anayetambaa asifikie. Utomvu wake unawasha sana mdomoni.

Salma: Basi naweka kona ya nyuma ya kabati.

Kaka Idi: Kona ina giza, shina litarefuka tu. Weka karibu na dirisha, jua kali lisiipige, mbele uzibe na meza. Kamba ninayo, nakuletea Jumamosi.

Shangazi: Iloweke leo basi, ifike tayari.