Mjadala: Mraibu anayeacha unga alipwe kupitia simu?

Mleta mada: Assalaam alaykum wanajamvi. Nasema mapema kwamba mimi naunga mkono.

Marekani wana tiba hii tangu miaka ya 1990: mgonjwa anapimwa mkojo au mate, akikutwa safi anapewa papo hapo vocha au pesa kidogo. Akiendelea hivyo kiwango kinapanda, akiteleza kinarudi chini, lakini hafukuzwi. Hospitali za askari wastaafu zilianza kuieneza 2011. California iliiingiza kwenye bima ya afya ya umma 2023, ukomo dola 599 kwa mtu kwa mwaka. Siku hizi mtu anaweza hata kujipima mate mbele ya kamera ya simu yake, na malipo yakaingia kwenye kadi isiyotoa pesa taslimu.

Unga humpa mtu raha ndani ya dakika, faida ya kuuacha huonekana baada ya miezi. Hicho kijipesa kinamshikilia hapo katikati.

Kwetu Zanzibar, hospitali ya Kidongo Chekundu methadoni, dawa ya kunywa inayomsaidia mtu kuacha unga, ipo tangu 2015, na anayeanza huenda kuinywa kila siku mbele ya muuguzi. Mtu wa Makunduchi nauli ya kila siku anaitoa wapi? Ningeanzia hapo: akishakunywa dawa, nauli ya kesho iingie kwenye simu.

Mchangiaji, Magomeni: Sheikh, simu gani hiyo? Simu ndiyo ya mwanzo kuuzwa. Kaka yangu aliuza yake, akauza ya mama, mwisho tukaukosa na mtungi wa gesi. Arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ikimshika, nauli yako inaishia maskani kwa wavutaji.

Mama, Mwanakwerekwe: Wanangu hawajagusa hata sigara na nauli ya skuli wanahangaika nayo. Leo nimlipe aliyeniibia nguo kwenye kamba? Hii haki ya wapi?

Mleta mada: Mama yangu, una haki ya kuuliza. Lakini hizo nguo si malipo? Tunamlipa kila siku, ila tunamlipa ili aendelee kuvuta. Na kaka wa Magomeni, namba si lazima iwe yake. Iwe ya mtu anayemwamini yeye mwenyewe, mama, dada, au msimamizi wa soba hausi, nyumba wanakokaa waraibu wanaoacha. Kadi zile za wenzetu hapa hazina maana, daladala halipokei kadi.

Aliyepitia soba hausi: Mnabishana juu ya kuanza, mimi naogopa kumaliza. Mipango hii mingi huenda kama wiki 12, na hata watafiti wanakubali kuwa malipo yakikoma nguvu yake hupungua. Mimi nilitoka soba hausi niko safi, sina kazi, watu wanaonikaribisha ni wa maskani ileile. Nilirudi kwenye unga kabla ya mwezi kwisha. Leo nipo sawa kwa sababu fundi mmoja wa boti alinichukua, akawa ananilipa kila jioni. Basi mkiomba fedha za mpango huu, ombeni na za kuwalipa mafundi watakaotupokea.

Mama, Mwanakwerekwe: Hilo la fundi nalikubali. La kulipia mkojo bado.