Kingamwili ya Chk1 yenye fosfati haionyeshi mstari: tatizo ni friza au sampuli?

Mwanafunzi, Uyole
Wapendwa wanamaabara, naomba msaada. Ninachunguza Chk1, mojawapo ya protini zinazosimamisha mgawanyiko wa seli pale DNA inapoharibika au inapokwama wakati wa kunakiliwa. Kwenye westani bloti, yaani kipimo cha kutenganisha protini kwa ukubwa kwenye jeli, kuzihamishia kwenye utando na kuzitambua kwa kingamwili, kingamwili inayotambua Chk1 yote, iwe na fosfati au isiwe nayo, hunipa mstari safi karibu na kilodaltoni 56, lakini ile inayotambua Chk1 iliyotiwa fosfati kwenye serini ya 345 hunipa ukungu mweusi utando mzima, na mstari wenyewe hauonekani. Zote mbili zilikuwa katika friza moja umeme ulipokatika usiku kucha hapa Mbeya, nami nahofia hii ya pili imeharibika. Kuagiza nyingine ni gharama kubwa. Seli ni HeLa (seli za saratani ya binadamu zinazokuzwa maabara), nilizipa haidroksiyurea, dawa inayokwamisha kunakiliwa kwa DNA, na utando niliuziba kwa maziwa ya unga.

Fundi Maabara, Iringa
Pole sana, mdogo wangu. Usiitupe kwanza. Kingamwili nyingi za namna hii huuzwa zikiwa ndani ya gliseroli ya asilimia 50, ambayo haigandi katika nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa hiyo usiku mmoja bila umeme ni nadra kuziua. Tena mwenzake iliyokuwa friza hiyohiyo bado inafanya kazi. Maziwa yana kasini, protini ambayo yenyewe imebeba fosfati, na huenda ndiyo inayoongeza ukungu. Tumia albumini ya damu ya ng'ombe, asilimia 5, na uoshe kwa bafa ya Trisi badala ya bafa ya fosfati. Hata hivyo maziwa hayaelezi kukosekana kwa mstari. Je, ulipovunja seli uliweka vizuizi vya fosfatasi, yaani vimeng'enya vinavyoondoa fosfati kwenye protini?

Mwanafunzi, Uyole
Shikamoo kaka, na asante. Niliweka vizuizi vya protiasi (vimeng'enya vinavyokata protini) pekee, na seli nilizikwangua mezani, si kwenye barafu.

Mtafiti, Njombe
Basi tatizo liko hapo. Seli ikishavunjwa, fosfatasi zake huanza mara moja kuing'oa ile fosfati ambayo kimeng'enya cha ATR kiliiweka kwenye Chk1, na kingamwili, hata iwe bora namna gani, haiwezi kushika alama ambayo haipo tena. Vuna upya juu ya barafu, ukitia sodiamu floraidi na beta-gliserofosfeti, ambavyo huzuia fosfatasi. Vanadeti, kizuizi kingine, pekee haitoshi, kwa kuwa hiyo hulinda zaidi tirosini, na wewe unatafuta serini. Kisha weka sampuli tatu kwenye jeli moja: seli zisizopewa haidroksiyurea, zilizopewa, na zilizopewa ambazo umezitibu baadaye kwa fosfatasi ya lambda. Mstari ukitokea katika ya pili na kutoweka katika ya tatu, kingamwili yako ni nzima na inashika kile inachopaswa kushika. Usitegemee p53, protini nyingine inayoitikia uharibifu wa DNA, kama kipimo cha ziada katika HeLa, kwani seli hizo zina kirusi cha HPV 18, ambacho protini yake ya E6 huisababisha p53 ivunjwe.