Fullmetal Alchemist ya 2003 au Brotherhood: mgeni aanzie ipi?

KobeWaTandika (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha nne, yuko nyumbani anasubiri matokeo, na kila jioni ananiganda nimpe anime (katuni ya Kijapani) moja ya maana. Hataki zile za mtu kupiga kelele episodi tatu kabla ya kurusha ngumi moja. Nimeamua nimpe Fullmetal Alchemist. Shida ni kwamba ziko mbili, na bando la nyumbani halitoshi zote.

Kwa wasiojua: zote zimetengenezwa na studio ya Bones, kutoka manga (katuni ya vitabuni) moja ya Hiromu Arakawa. Ya kwanza ilianza kurushwa Oktoba 2003, episodi 51, muongozaji Seiji Mizushima. Wakati huo manga ilikuwa bado iko njiani, kwa hiyo wakajitungia nusu ya pili na mwisho wao wenyewe. Brotherhood ikaja Aprili 2009, episodi 64, chini ya Yasuhiro Irie, na hiyo inafuata manga mpaka tamati. Manga ilifungwa Juni 2010, anime ikamalizika Julai. Zilikimbizana mpaka mstari wa mwisho.

Mimi ni mtu wa 2003, na najua humu nitapigwa mawe. Sababu yangu inaitwa Nina Tucker. Katika ile ya zamani, Ed na Al, wale ndugu wawili wa Elric wanaofanya alkemia (elimu ya kugeuza kitu kuwa kingine), wanakaa kwa akina Tucker wakijiandaa na mtihani wa wanaalkemia wa serikali. Wanacheza na yule mtoto na mbwa wake, mpaka unamzoea kama mtoto wa jirani. Ndipo baba yake anafanya alichofanya. Brotherhood inamaliza habari yote ndani ya episodi ya 4. Unashtuka, ndiyo, lakini hujapata muda wa kumpenda.

Mbele kuna siri za hadithi. Ambaye hajatazama aishie hapa.

BintiKisauni

Brotherhood. Wala sioni cha kujadili.

Wewe wasema ni msichana, sasa mbona wamnyima Olivier Armstrong? Jenerali wa ngome ya Briggs, kule kwenye theluji, wanaume wazima wamtetemekea. Katika ya 2003 hayumo kabisa. Lan Fan naye hayumo, yule aliyejikata mkono mwenyewe akaufunga kwa mbwa ili Bradley, mtawala wa nchi, afuate damu ya mkono badala ya kumfuata yeye. Wote hao walikuja baadaye kwenye manga. Ukimpa ya 2003 umempa nusu ya watu.

fundi_flashi

Mimi nauza filamu na tamthilia dukani, nawajazia watu kwenye flashi. Wateja wanaochukua ya 2003 wengi ni watu wazima. Vijana wakiona picha ya mraba, ina weusi kushoto na kulia, wanauliza kama televisheni imeharibika. Mpe Brotherhood tu mkuu.

MwalimuZamu

@fundi_flashi hiyo ni hoja ya duka, siyo ya hadithi. Ngoja niingie kwenye nyama yenyewe.

Watu wengi wanalinganisha mwisho kwa mwisho, wakati tofauti kubwa iko kwa homunkuli, wale maadui wenye umbo la binadamu waliotengenezwa kwa alkemia. Katika Brotherhood wanatokana na Baba, yule mzee wa chini ya ardhi aliyejitenga na tamaa zake moja moja. Ni mpango safi: adui mmoja, nia moja, na nchi nzima ya Amestris imechorwa kuwa duara la alkemia. Kila vita, kila mji uliochinjwa, una nafasi yake kwenye mchoro. Ukiutazama kwa mara ya pili unaona hakuna kilichowekwa ovyo.

Katika ya 2003, homunkuli anazaliwa pale mtu anapojaribu kumfufua maiti akashindwa. Maana yake kila adui ni dhambi ya mtu fulani. Wrath ni mtoto wa Izumi, mwalimu wa akina Elric. Na Sloth, ambaye kwenye Brotherhood ni jitu la kuchimba handaki tu, huku ana sura ya mama yao akina Elric, kwa sababu wao ndio waliomtengeneza. Wale watoto wanalazimika kupigana na kosa lao, nalo linawaangalia kwa macho ya mama. Sijaona Brotherhood ikithubutu kufika hapo.

Ongeza wazazi wa Winry, rafiki wa utotoni wa akina Elric. Kwenye manga na Brotherhood aliyewaua ni Scar, yule mlipiza kisasi. Kwenye 2003 ni Mustang, afisa wa jeshi, kwa amri ya wakubwa wake. Ukibadilisha jambo hilo moja, Mustang anakuwa mtu mwingine kabisa.

Hata hivyo, theluthi ya mwisho ya 2003 inayumba. Dante kama adui mkuu hanijazi, na lile lango la kutokea London yenye ndege za puto linaonekana limetua kutoka hadithi nyingine.

BintiKisauni

@MwalimuZamu umesema kweli kuhusu Sloth, hapo nakupa. Lakini umejijibu mwenyewe: theluthi ya mwisho yayumba. Mtoto akitumia usiku wake mwingi halafu mwisho uyumbe, atakuja kukulaumu wewe. Na Mustang akimkabili Envy, homunkuli aliyemuua rafiki yake Hughes, na msaidizi wake Riza kamwelekezea bastola kisogoni ili asipotee kwa chuki, hicho kitu 2003 haina.

Jogoo_wa_Arusha

Kinachonichosha si anime, ni mashabiki wa Brotherhood. Miaka mingi walikaa namba moja kwenye MyAnimeList, tovuti ya kupima anime, wakawa wanatuhubiria hiyo namba. Mwaka 2023 anime nyingine, Frieren, ikawapita, na hakuna aliyekufa. Namba haimwambii huyo binti kama atalia au atasinzia.

Ushauri wa wazee: mpe 2003 mpaka episodi ya 25, alipouawa Hughes, kisha ahamie Brotherhood. Anapata Nina wa taratibu na mwisho uliokamilika.

MwalimuZamu

Hapana, Jogoo. Huo mchanganyiko unamwacha na wazazi wa Winry waliouawa na watu wawili tofauti. Halafu Brotherhood yenyewe inaanza na episodi isiyokuwemo kwenye manga, ya yule mtu wa barafu, inayodhani unawajua wahusika. Achague moja, aimalize.

KobeWaTandika

Nimewasikia. Dada wa Kisauni, hoja ya Olivier imenigusa kuliko zote. Huyu mtoto anataka kwenda JKT, na nikimnyima jenerali wa Briggs atakuja kujua.

Basi anaanza Brotherhood leo usiku. Ila episodi ya 4 nitakaa naye, na nitamsimulia Nina wa 2003 apende asipende.

fundi_flashi

Akiimaliza na akaitaka ya zamani, njoo dukani. Ila filamu ya Shamballa ya 2005 usimpe kabla hajafika episodi ya 51, ile inaendeleza mwisho wa 2003 na haihusiani na Brotherhood hata kidogo. Kuna mteja aliichukua kimakosa, akarudi kuniuliza Ed amefikaje Ujerumani.