Mtoto mwenye kipawa apimwe akili akiwa na umri gani?

Wako wazazi wanaoshikilia kwamba mtoto anayesoma na kuhesabu akiwa na miaka minne apelekwe mara moja kwa mwanasaikolojia, kwa kuwa kipawa kisipotambuliwa mapema hudumaa. Walimu wengi wa madarasa ya awali hujibu kwamba mtoto aachwe acheze. Nionavyo, pande zote mbili zinabishania umri kabla ya kuulizana ni uamuzi gani unaosubiri matokeo ya kipimo hicho.

Vipimo vya umri huo vipo. Kile cha watoto wadogo kinachoitwa kwa jina la mwanasaikolojia Wechsler kinaanzia miaka miwili na nusu. Hata hivyo, alama za mtoto wa miaka minne huyumba, kwani usingizi au hofu ya mgeni aliyeketi mbele yake hutosha kuzishusha. Jiji la New York lilikuwa likiwatahini watoto wa umri huo ili kuwapangia madarasa ya wenye vipawa, hata wazazi wenye uwezo wakawa wanalipia mafunzo ya kujiandaa na mtihani, mpaka ulipoachwa mwaka 2021. Tuisheni ya chekechea, kwa hakika, na sisi hatuko mbali nayo.

Nchini Tanzania, shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Kilakala zimekuwa zikipokea wanafunzi kwa matokeo ya mtihani wa darasa la saba, kwa hiyo cheti cha mwanasaikolojia alichopewa mtoto wa miaka mitano hakimfungulii mlango huko. Uamuzi mzito unaoweza kumkabili mzazi kabla ya hapo ni kumrusha mtoto darasa. Hapo nakubali apimwe, lakini akiwa na miaka sita au saba na amekwisha kukaa shuleni mihula kadhaa, ili maelezo ya mwalimu wake yasomwe pamoja na alama.

Namna ya kupima inanitia wasiwasi zaidi kuliko umri. Wanasaikolojia Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao walichapisha mwaka 2002 utafiti waliofanya kwa wanafunzi wa Bagamoyo: waliwapima, wakawafundisha kwa muda mfupi mbinu za kutatua mafumbo yale yale, kisha wakawapima tena. Alama zilipanda, na nafasi ya mtoto katika kipimo cha kwanza haikutabiri vizuri nafasi yake katika cha pili. Nchini Zambia, mwanasaikolojia Robert Serpell alionyesha mwaka 1979 kwamba watoto wa huko waliwashinda wa Uingereza katika kuunda maumbo kwa waya, lakini wa Uingereza wakawashinda wa Zambia kwa penseli na karatasi. Kwa hiyo mtoto anayeishi kwa Kiswahili akipimwa kwa Kiingereza, au kwa maswali yanayotafsiriwa papo hapo, halinganishwi kwa haki na watoto wa Marekani ambao viwango vya kipimo vilitokana nao.

Nakubali kumpima mapema katika hali moja: mtoto anayeeleza mambo kwa ufasaha wa kushangaza lakini herufi zinamshinda, au anayeonekana kutosikia vizuri. Huyo asisubiri miaka sita. Kipimo cha akili cha Wafaransa Binet na Simon cha mwaka 1905 kilibuniwa kuwatambua watoto waliohitaji msaada darasani, na kwa kazi hiyo sina ubishi nacho. Wanaotetea kupima wote wakiwa na miaka minne watueleze mwalimu wa awali atakayekabidhiwa alama hizo azifanyie nini.