Trilojia za distopia (jamii mbovu ya kubuni) za vijana: ipi imeharibikia kwenye ploti, ipi kwenye wahusika?

kurasa_mia: Wadau, nimesoma Divergent, Maze Runner na Hunger Games mfululizo, vitabu vitatu vitatu. Nataja miisho humu, kama hujasoma pita kwanza. Kwangu Divergent ndo dhaifu zaidi. Chicago nzima imegawanywa makundi matano, kila kundi na sifa yake moja, halafu Tris anaonekana hatari kwa sababu sifa zake ni zaidi ya moja. Sasa nani hayuko hivyo? Ndo maana Allegiant (2013) ikabidi ilete habari za jeni ili kututuliza, na yale maelezo ndo yakamaliza kabisa utamu uliokuwa umebaki.

bintisoma: Kwenye makundi niko na wewe, ila kilichoniudhi mimi ni sauti. Kwenye Allegiant sura zinapokezana kati ya Tris na mpenzi wake Tobias na mara kibao nilikuwa nafika katikati ya ukurasa nalazimika kurudi juu kuangalia jina nijue nani anaongea. Tobias alipigwa na babake utoto wote, iweje aongee sawasawa na Tris aliyelelewa kwa upendo?? Kifo cha Tris lakini nakitetea, ni mtoto wa kundi la watu wa kujitolea, hapo alikuwa yeye mwenyewe.

sauti_ya_tatu: Subirini, Maze Runner mmeisahau. Thomas anaamka kwenye lifti anakumbuka jina lake tu, na kitabu cha kwanza hilo linanoga kwa sababu tunagundua mambo pamoja naye. Baadaye linageuka kichaka. Kuta za mzingile zinazohama kila usiku, rafiki yake Teresa kumsaliti, watu kufa, ukiuliza kwa nini unaambiwa shirika la WICKED wanapima ubongo wa vijana watafute dawa. Kila kitu jaribio! Mtu akishapangiwa kila hatua, mi nitamjuaje yeye ni nani?

kurasa_mia: Umenena. Ila Hunger Games nayo, kitabu cha tatu Katniss, mhusika mkuu, kila mara kazimia au yuko kitandani, vita vinaisha hata hajaamka.

mama_riwaya: Ni kweli wanangu, hapo ploti imelegea na sitaificha. Lakini angalieni mhusika. Kitabu cha kwanza (2008), siku ya kuchagua watoto wa kupelekwa kwenye mashindano ya kuuana, blauzi ya Prim, mdogo wake Katniss, imechomoka nyuma kama mkia wa bata na dada yake anamwambia aichomeke. Kitabu cha tatu, kwenye lile kundi la watoto kabla mabomu hayajalipuka tena, Katniss anauona mkia uleule. Sikuhitaji kuelezwa chochote, nilifunga kitabu nikakaa kimya muda mrefu.

sauti_ya_tatu: Mama hapo sina neno. Kinachonikera ni Gale. Vitabu vitatu tunavutwa huku na kule kati yake na Peeta, Katniss atampenda nani, mwisho bomu lililomuua Prim ndo linaamua, Katniss hakupewa nafasi ya kuchagua mwenyewe.

bintisoma: Mi sioni hivyo hata kidogo. Gale tangu mwanzo ni fundi wa mitego porini, anajua mnyama atakimbilia wapi. Na lile bomu ni mtego uleule, la kwanza linaumiza, la pili linangoja waje waokoaji. Katniss anamuuliza kama lilikuwa lake, anajibu hajui. Mtu uliyewinda naye miaka yote anakujibu hivyo kuhusu mdogo wako, hapo unachagua nini tena?