Spea za Hiace na malori kwa duka la Mbeya: Kariakoo, Guangzhou au Johannesburg kupitia Tunduma?

Spea_Mwanjelwa
Wakuu, naomba ulinganisho. Duka liko Mwanjelwa, wateja ni Hiace, Coaster na malori ya Tunduma. Vinavyotoka sana ni lainingi, pedi, beringi, tairodi, boljointi na filta. Njia ziko tatu: kununua jumla Kariakoo, kuchangia kontena kutoka Guangzhou, au kuleta kwa barabara kutoka Johannesburg. Bei ninazo. Ninachotafuta ni wapi mzigo utakwama au kunigeuka sheria zikibadilika.

Forodha_Tunduma
Mkuu, nianze na Johannesburg maana ndiyo inayoeleweka vibaya. Watu wakisikia SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wanadhani chochote kinachotoka Afrika Kusini hakina ushuru. Unafuu unafuata kitu kilikotengenezwa, si kilikopakiwa. Shokapu ya Thailand hata ikikaa ghala la Johannesburg miaka miwili ni ya Thailand tu, na Tunduma utalipa ushuru wa kawaida wa Afrika Mashariki. Kabla ya oda muulize msambazaji kama atakupa cheti cha uasili cha SADC chenye mhuri wa forodha ya kwao, kinacholingana na ankara mstari kwa mstari. Akianza kuzungukazunguka, piga hesabu ukiwa na ushuru wote. Na ukinunua Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka wa Tunduma, usipewe cheti cha COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, ukadhani umepona. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000.

Uone tofauti: mzigo wa shilingi 10,000,000 pamoja na bima na usafiri, ushuru wa 10% ni 1,000,000, VAT ya 18% juu yake ni 1,980,000. Bidhaa hiyo ikiangukia 25%, ushuru ni 2,500,000 na VAT 2,250,000. Umeachana na 1,770,000 kabla ya tozo nyingine.

Hesabu_Iringa
Naongezea kalenda. Bajeti inasomwa Juni, viwango vipya vya ushuru vinaanza 1 Julai, na gazeti rasmi la Jumuiya ya Afrika Mashariki hutoka siku za mwisho kabisa likiwa na viwango vya nchi moja moja, vingi vya mwaka mmoja tu. Ushuru unafuata kiwango cha wakati mzigo unapoingizwa forodhani, si cha siku uliyomlipa mwenye kiwanda. Ukiagiza China mwezi Mei, umeagiza kwa bei usiyoijua.

Kontena la kuchangia lina tatizo kubwa zaidi. Nyaraka zinabeba jina la mkusanyaji, yaani anayeunganisha mizigo ya watu kwenye kontena. Wewe huna tamko la forodha lenye TIN yako, kwa hiyo kama umesajiliwa VAT huwezi kudai kodi ya manunuzi, na mkaguzi akija dukani huna cha kumwonyesha. Jirani kwenye kontena akificha bidhaa, kontena zima linazuiwa na gharama za kuhifadhi zinawahesabia wote. Kwa mtu anayeanza, mimi siishauri njia hii hata kama bei inavutia.

Breki_Kitonga
Mimi nitenganishe bidhaa, maana lainingi na filta ya hewa hazibebi hatari moja. Lainingi ya lori linaloshuka mlima Kitonga ikichemka ikang'aa kama kioo, dereva anakanyaga na lori haliitikii. Tazama ubavuni mwa lainingi, kuna herufi mbili za msuguano. Ya kwanza ni ikiwa baridi, ya pili ikiwa ya moto. E ni msuguano wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45. Mimi naikataa FE, yaani F ikiwa baridi na E ikiwa ya moto, kwa lori la mlimani, maana inapungua nguvu pale pale inapohitajika. Isiyo na herufi kabisa hata usiulize bei. Halafu weka seti 2 kwenye lori moja, pima unene kwa vernia siku ya kufunga na baada ya kilomita 5,000, kushoto na kulia. Upande mmoja ukiisha haraka wakati dramu na marekebisho viko sawa, mchanganyiko wa kiwanda hauko sawa.

Beringi nazo zipimwe. Ya alterneta 6303 ni milimita 17 kwa 47 kwa 14. Namba ya kwenye boksi ilingane na iliyochongwa kwenye chuma. Ikifutika kwa kidole chenye petroli, rudisha.

Toyota_Uyole
Usiagize kwa maneno "Hiace mbele". Agiza kwa namba ya chesisi na namba ya kifaa. Tarakimu tano za kwanza za Toyota zinataja aina: 04465 pedi za mbele, 04466 za nyuma, 45046 tairodi, 43330 boljointi ya chini. Muuzaji wa Kariakoo aandike namba hizo kwenye risiti ya EFD au hati ya kupokelea mzigo. Risiti iliyoandikwa "spea" tu haikusaidii kurudisha kitu. Bei iwe ya shilingi, kanuni za Machi 2025 zinakataza kutoza kwa dola ndani ya nchi. Omba na leseni ya biashara, kwa sababu agizo la Julai 2025 limewazuia wasio raia kufanya biashara ya jumla na rejareja. Duka likibadilisha jina ghafla, dhamana yako inaondoka nalo.

Tena, maduka mawili ya Gerezani, jirani na Kariakoo, yanaweza kuchota kontena moja. Linganisha namba ya toleo kwenye katoni. Zikifanana, una msambazaji mmoja tu.

Spea_Mwanjelwa
Nashukuru sana. Kwa hiyo lainingi na beringi Kariakoo, kwa waingizaji wawili tofauti. Nikija kuagiza mwenyewe baadaye, lainingi na pedi naziweka namba moja ya forodha?

Forodha_Tunduma
Hapana. Lainingi isiyofungwa kwenye chuma ni 6813. Pedi yenye bamba lake ni 8708.30. Filta ya oili 8421.23, beringi 8482, klachi 8708.93. Ukizijumlisha zote kama "spea za magari" mzigo unasimamishwa, na cheti cha PVoC, ukaguzi wa ubora unaofanywa kabla mzigo haujasafirishwa, hakitalingana na tamko. Kama kitu kina utata, omba TRA uamuzi wa awali wa uainishaji kwa maandishi kabla hujalipa. Ratiba mpya ya HS, mfumo wa kimataifa wa namba hizi za forodha, inaanza 1 Januari 2028, namba hizi zikaguliwe tena wakati huo.

Hesabu_Iringa
Na malipo ya kiwandani: 30% mwanzoni, 70% mkaguzi wa PVoC akishaona mzigo na cheti kimetoka. Kiwanda kikidai 70% kabla ya ukaguzi, tafuta kingine.