Mkongwe wa gitaa apewe nyota wanane, au siku kumi za mazoezi?

Ndugu zangu wapenzi wa muziki wa dansi,

Naileta hoja hii hadharani kwa sababu hapa Mwanza imezungumzwa pembeni kwa wiki kadhaa, na kila mmoja ameizungumza na wale wanaokubaliana naye tu. Tuko watu kumi na wawili tunaoandaa usiku wa heshima kwa mpiga gitaa la solo mkongwe wa Kanda ya Ziwa, ambaye sitamtaja kwa kuwa mwenyewe hajaridhia kutangazwa, ingawa wengi wenu mmeucheza muziki wake tangu alipokuwa akipiga dansi la kawaida hadi alipoanza kulichanganya na jazi na fanki, muziki wa Wamarekani weusi wenye mapigo ya kukatakata. Sehemu ya gharama tunakusudia kuiomba katika fedha za umma, na ndiyo maana naamini kila mkazi wa jiji hili ana haki ya kusema neno.

Fedha tunazozitarajia zinatosha jambo moja kati ya mawili. La kwanza ni kuwaleta nyota wanane kutoka Dar es Salaam, wapige usiku mmoja na kuondoka asubuhi. La pili ni kuwaleta watatu tu, tukawaongezea vijana watano wa hapa hapa, kisha tukawalipa wote siku kumi za mazoezi pamoja na mzee. Mimi nasimama upande wa siku kumi, na naomba nieleze kwa nini.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa mstari wa pili katika onyesho la namna hii hii, humu humu mjini. Aliyeheshimiwa usiku ule alikuwa mpiga gitaa mwenye zaidi ya miaka sabini, na nyuma yake walipangwa wanamuziki ambao kila mmoja wao angeweza kujaza ukumbi peke yake. Walishuka kwenye ndege saa kumi jioni, vyombo vikajaribiwa kwa muda usiozidi nusu saa, na saa tatu usiku wakapanda jukwaani. Wimbo wa tatu ulipokaribia chemko, yaani sehemu ya kuchangamka, mzee aliinua shingo ya gitaa lake hadi usawa wa sikio, akaishusha kwa mkato. Waliokuwa wakienda dansini zamani wanaijua ishara ile, maana ndiyo aliyoitumia kwa bendi yake miaka yote: mapigo manne, kimya cha pigo moja, halafu wote wanaingia pamoja. Mpiga dramu alikuwa ameinamia karatasi yenye orodha ya nyimbo. Mpiga besi alimtazama mpiga kinanda, na mpiga kinanda akamtazama mwimbaji. Mzee aliirudia ishara mara ya pili, kisha mara ya tatu, halafu akaacha. Akabaki anazungusha kodi (chords) mbili zile zile za gitaa chini chini huku wageni wakipokezana solo, nzuri zote, na watu wakishangilia. Mimi nilikuwa natazama kidole gumba cha mkono wake wa kushoto, ambacho amezoea kukipitisha juu ya shingo ya gitaa ili kubana uzi mnene. Kilitokeza pale juu kama kawaida yake, lakini hakikubana uzi wowote mpaka wimbo ukaisha.

Siwalaumu wale wageni hata kidogo, kwa sababu hakuna aliyewaeleza ishara ile, na isingewezekana kuelezwa kwa nusu saa. Ninacholalamikia ni mpango uliowaweka wapigaji hodari katika hali ya kutomfahamu mtu waliyekuja kumheshimu.

Bendi zetu zililipatia jina jambo hili la wapigaji kufahamiana, zikaliita mtindo. Western Jazz walikuwa na Saboso, NUTA Jazz walikuwa na Msondo, Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978, walikuwa na Sikinde, na Afro 70 ya marehemu Patrick Balisidya, ambayo kwa masikio yangu iliikaribia fanki kuliko bendi nyingi za nchi hii, walikuwa na Afrosa. Mtindo haukuwa mali ya mpiga solo peke yake. Yalikuwa makubaliano kati ya solo, ridhimu, besi, tumba na dramu, yaliyojengwa kwa kupiga pamoja usiku baada ya usiku, mpaka kila mmoja akajua mwenzake atanyamaza wapi. Tazameni yaliyotokea kwa NUTA, bendi ya chama cha wafanyakazi: bendi ikaitwa JUWATA, ikaja kuitwa OTTU, wanamuziki wakaingia na kutoka, na leo jina lililobaki midomoni mwa watu ni Msondo Ngoma, yaani mtindo wenyewe.

Kwa fanki jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu muziki huo unaishi katika nafasi ambazo wapigaji wanaachiana. Jimmy Nolen, aliyempigia gitaa James Brown katika miaka ya 1960, anakumbukwa kwa kuparura nyuzi alizozibana nusu tu kwa mkono wa kushoto, zikatoa sauti fupi na kavu ambayo Wamarekani waliifananisha na kuku anayechakura. Mparuro ule ukiusikiliza peke yake unaweza kudhani ni mtu anajaribu gitaa kabla ya kuanza. Ukiuweka kati ya besi na dramu zinazoufahamu, miguu inaitika yenyewe. Sasa mwanamuziki aliyeitwa kwa sababu ya jina lake, ambaye jina hilo limebandikwa kila kona kuanzia Kirumba hadi Nyakato, anawezaje kunyamaza katika nafasi inayostahili kimya, ilhali anajua kwamba amelipwa ili asikike?

Wenzangu wa upande wa pili wameniletea mfano wa George Benson, mpiga gitaa wa jazi wa Marekani, na albamu yake ya mwaka 1976, Breezin', iliyoongoza chati za Marekani za muziki wa pop, wa soul na wa jazi. Wanasema pale palikuwa na kikosi cha nyota watupu, na nyota ndio waliomfikisha juu. Ni kweli kwamba majina yalikuwa makubwa: Ronnie Foster na Jorge Dalto kwenye vinanda, Stanley Banks kwenye besi, Phil Upchurch kwenye gitaa na Harvey Mason kwenye dramu. Lakini wengi wao walikuwa tayari ni bendi aliyokuwa akisafiri nayo, waliokwisha kuzisoma tabia za mkono wake. Halafu kuna jambo ninalolipenda kupita yote katika albamu ile. Upchurch ni mpiga gitaa mwenye jina lake mwenyewe, na hata hivyo katika wimbo uliobeba jina la albamu aliliweka gitaa chini akashika besi, kwa kuwa ndicho wimbo ulichohitaji. Unyenyekevu wa aina hiyo unatoka kwa mtu anayejiona ni sehemu ya bendi, na ni vigumu kuudai kwa mgeni aliyeshuka uwanjani jioni ile ile.

Huyo huyo Harvey Mason alikutana na mpiga kinanda Bob James, mpiga gitaa Lee Ritenour na mpiga besi Nathan East katika kurekodi albamu ya Bob James ya mwaka 1990. Wote wanne walikuwa nyota, na wangeweza kuagana pale pale studio. Badala yake waliamua kuwa bendi, wakaiita Fourplay, wakatoa albamu yao ya kwanza mwaka 1991, na Ritenour alipoondoka baada ya miaka michache, nafasi yake ikachukuliwa na Larry Carlton, kazi ikaendelea. Kwetu pia mfano upo. Shikamoo Jazz, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1993, ilikusanya wazee waliotoka bendi mbalimbali, akiwamo Salum Zahoro aliyetoka na Kiko Kids ya Tabora. Wazee wale walikuwa nyota wa enzi zao kila mmoja kwa upande wake, lakini walikubali kukaa chini ya jina moja na kufanya mazoezi kama bendi. Kwa hiyo sipingi nyota kukusanywa. Napinga wakusanywe jioni na kutawanyika asubuhi kwa fedha za watu.

*

Nimerudi baada ya kusoma michango yenu, na nashukuru kwa lugha ya heshima mliyoitumia.

Ndugu aliyeandika kwamba kiingilio hakilipwi na mazoezi bali na majina yaliyoko kwenye tangazo ana hoja nzito, na nakiri kwamba ndiyo inayonisumbua usiku. Ukumbi ukibaki nusu, mzee ataona viti vitupu, na hakuna mazoezi yatakayofuta hilo. Hata hivyo, katika pendekezo langu majina matatu makubwa yanabaki kwenye tangazo, na kama tutawaruhusu watu waingie kwenye mazoezi ya siku mbili za mwisho kwa kiingilio kidogo, mji utakuwa umeanza kulizungumzia onyesho kabla halijafika.

Yupo pia aliyeuliza jazi na fanki vinawahusu nini watu wa Usukumani, akasema fedha hizo zipelekwe kwenye ngoma za asili. Ndugu yangu, gitaa si mgeni kwenye ziwa hili. Daniel Owino Misiani, aliyeiongoza Shirati Jazz na kuifikisha mbali benga, muziki wa gitaa wa Waluo, alizaliwa upande wetu huu, Shirati mkoani Mara, mwaka 1940, na magitaa ya benga yalijifunza kusema kutoka kwenye nyuzi nane za nyatiti, chombo cha asili cha Waluo. Na ukizitaja ngoma za asili, nenda Bujora, karibu na hapa Mwanza, mwezi wa Juni wakati wa sikukuu ya Bulabo, uwatazame Wagika na Wagalu, makundi mawili hasimu ya ngoma za Wasukuma, wakicheza kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake, na umati ukihama kutoka huku kwenda kule. Kundi linaloukusanya umati ndilo linaloshinda. Watu waliokulia kwenye mashindano ya namna hiyo hawadanganyiki kirahisi na orodha ya majina. Wakisikia mapigo yameachana, wanaondoka.

Mchango ulionifanya nibadili sehemu ya msimamo wangu ni wa dada aliyesema baba yake alikuwa mpiga tumba. Ameuliza kama nimefikiria siku kumi za mazoezi zina maana gani kwa mwili wa mzee mwenye umri ule, anayevimba vifundo vya vidole kila akipiga zaidi ya saa moja. Kwa kweli sikuwa nimefikiria. Nilikuwa nimeuwaza muziki wake nikamsahau yeye, na hilo naliomba radhi. Kwa hiyo ninarekebisha: siku sita za mwanzo bendi ifanye mazoezi bila yeye, na siku nne za mwisho aje kwa saa mbili tu, alasiri, kukiwa na kiti chenye mgongo na amplifaya iliyowekwa karibu ili asilazimike kukandamiza nyuzi kwa nguvu.

Mtauliza nani atawaongoza hizo siku sita. Mpiga ridhimu wa zamani wa mzee bado yuko Mwanza, na nilimtembelea Jumapili iliyopita. Alinitolea daftari la shule lenye jalada lililofifia, ambamo kila wimbo umepewa ukurasa wake: vistari vilivyosimama vinahesabu mizunguko, duara tupu ni kimya, na pembeni ya baadhi ya duara kuna alama ndogo inayopanda kisha kushuka. Nilimuuliza alama ile ni nini. Hakujibu kwa maneno, bali alilichukua fimbo lake la kutembelea, akaliinua hadi usawa wa sikio, akalishusha kwa mkato.

Kikao chetu cha mwisho kuhusu fedha ni wiki ijayo. Ningependa kabla ya hapo nisikie hasa kutoka kwa waliowahi kukaa kwenye gitaa la ridhimu au la besi, watuambie kama siku sita zinatosha kwa kijana hodari kulielewa daftari la namna ile, au tuombe nane. Mwenye daftari ameniambia yuko tayari, na kwamba anapatikana kila siku kuanzia saa tisa alasiri, akishafunga biashara yake ya dagaa pale soko la samaki la Mwaloni.